Askari Elfu Nne, na Hakuna wa Kushika Jembe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wewe unayesoma haya ukiwa umekaa vizuri kivulini, na asifiwe na wewe unayesomewa na mjukuu kwa sababu miwani yako ilikaliwa na mtu. Mimi ni Kimeu, mtoto wa Syombua, na Mungu amenitendea mema.

Nimeamua kuandika ushuhuda huu kwa sababu nimechoka kuutoa kwa mdomo. Nasema ukweli. Mara ya mwisho nilipousimulia huko Malili, watu waliimba, wengine walilia, wakanishika mkono. Halafu tulipotoka nje, wazee wawili wa kanisa wakanivuta kando. Nikadhani wanataka tuombe. Mmoja akainama sikioni mwangu akauliza, "Ndugu Kimeu, ile kanuni ya tisa, ilimhusu hata mtu ambaye hakupigana yeye mwenyewe?"

Ndugu zangu! Mtu anatolewa shimoni, nanyi mnamuuliza shimo lilikuwa na pembe ngapi!

Kwa hiyo naandika mara moja, na baada ya hapa tafadhali msiniulize tena habari za kanuni.

Miguu yangu haijawahi kutulia. Nilimaliza kidato cha nne, nikashuka Mombasa nikabeba magunia, nikapanda Voi kwenye mkonge, nikauza mafuta ya gari Mtito Andei, nikalinda duka Sultan Hamud. Kila mahali nilipokuwa nililia nyumbani. Niliota miteremko ya Mbooni, baridi ile ya asubuhi, moshi wa jiko la mama. Na kila niliporudi nyumbani, wiki mbili hazikwisha kabla sijaanza kusikiliza malori barabarani. Ndivyo nilivyo mpaka leo, na Bwana ananivumilia.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilirudi Tawa. Sikurudi nyumbani hasa. Nilipanga chumba nyuma ya soko, nikajiambia mimi ni mpita njia. Nyumbani kwetu kulikuwa juu, mwendo wa kupanda mlima, na huko waliishi Mwaitu, yaani mama yetu, na ndugu yangu mdogo Musyoki. Baba alikuwa ameshafariki.

Sasa sikilizeni habari ya korongo, maana ndilo jambo lenyewe. Baba alikuwa amechimba mitaro ya kuzuia maji kwenye shamba lililo juu ya nyumba. Alipofariki, mtaro mmoja ulibomoka na hakuna aliyeutengeneza. Maji yakapata njia. Yakachimba korongo, na kila mvua korongo lilisogea karibu na jiko la Mwaitu. Mvua iliyotangulia ilichukua mpapai uliokuwa nyuma ya jiko. Ulishuka mzima mzima, ukasimama chini korongoni ukiwa bado na mapapai yake, kama mtu aliyeshuka ngazi. Mwaitu alikuwa akitoka asubuhi anautazama, anarudi ndani.

Tumaini lake lilikuwa moja, zamu yake ya mwethya. Kwa wasiojua kwetu, mwethya ni kundi la watu wanaochimbiana mashamba kwa zamu, leo kwangu, wiki ijayo kwako. Mwethya wa Mwaitu ulikuwa wa kina mama. Alikuwa amechimba kwa kila mmoja wao, na zamu yake ilipangwa Alhamisi moja kabla ya mvua ya mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo moja mtaro ungerudi. Ikipotea, mvua ingekuta mlango wazi.

Na mimi je? Mimi nilikuwa refa wa vita.

Msicheke. Mutua, mwenye mashine ya posho pale sokoni, alikuwa na mchezo wake. Siku ya soko, mchana, mashine ikizimwa ili ipoe, wanaume walikusanyika ndani kati ya magunia, na kila mmoja aligeuka kuwa mtu mwingine. Mutua hakuwa Mutua tena, alikuwa Mfalme Ngao Saba wa Nzaui. Kyalo mwenye bucha alikuwa Jemadari Upepo wa Kilungu. Walikuwa na nchi, wake, maadui, ng'ombe wa kuibiwa, na sauti zao zilibadilika. Ukivuka kizingiti ukamwita mfalme kwa jina alilopewa na mama yake, adhabu yako ilikuwa kubeba gunia.

Vita vilipiganwa kwa vifuniko vya soda. Kila mfalme alikuwa na vifuniko kumi ndani ya mkebe wa majani chai, na kila kifuniko kilikuwa askari mia nne. Aliutikisa mkebe, akamwaga. Kilichoangukia uso juu, askari wamesimama. Kilichoangukia kifudifudi, wamekufa. Lakini kwanza mfalme alipaswa kueleza hila yake, namna atakavyovuka mto au kuzunguka mlima, na hila ikiwa nzuri, refa alimwongezea kifuniko. Ndugu zangu, kulikuwa na hila tamu! Mimi niliyezunguka nchi hii yote sikuwahi kusafiri kama nilivyosafiri nikiwa nimekaa juu ya gunia la mahindi la watu.

Wasiopigana walibeti. Na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu walinichagua mimi, mtu wa kidato cha nne, niandike kanuni.

Niliziandika kwa chaki kwenye mlango wa mashine, upande wa ndani. Kanuni ya kwanza, hakuna pesa. Tulikuwa watu wa kanisa, tena chifu alikuwa mkali kwa kamari. Kanuni ya pili, dau ni siku ya jembe. Ukishindwa, unamchimbia aliyeshinda. Tukajisifu kwamba sisi si wacheza kamari, sisi tunaendeleza kilimo! Kanuni ya tatu, mfalme akibeti kwenye vita vyake ajiwekee mwenyewe tu, asimwekee adui. Ya nne, dau likiwekwa refa atoke nje, asijue nani amemwekea nani, ili asipendelee.

Ningeishia hapo! Lakini kanuni ni kama kuku wa jirani, ukimfukuza mmoja wanakuja wanne. Je, ikiwa sare, nani ashinde? Andika, refa. Je, kifuniko kikisimama kwa ubavu, kimeegemea gunia? Andika. Je, mtu akiwa mgonjwa siku ya kuchimba, mke wake anaweza kwenda badala yake? Tulibishana hilo mpaka wanawake waliokuja kusaga wakarudi nyumbani na mahindi yao. Mlango ulijaa mpaka chini, nikawa naandika nimepiga magoti. Magoti hayo sikuyapiga kwa maombi, ndugu zangu. Niliyapiga kwa ajili ya kifuniko kilichosimama kwa ubavu!

Siku moja Kyalo akauliza kama mtu anaweza kuweka dau zamu ya mwethya ya nyumba yake. Nilikataa. Akauliza tena wiki iliyofuata. Nikakataa. Akawa ananifuata mpaka nikienda kununua sukari. "Refa, zamu ni mali au si mali? Refa, jibu ni moja tu." Alinichosha mpaka nikapiga magoti nikaandika kanuni ya tisa, kwamba zamu ya mwethya ni mali ya nyumba, na mwanamume wa nyumba anaweza kuiweka dau. Papo hapo wakauliza mwanamume wa nyumba ni nani. Nikaandika ya kumi kwa hasira: ni yule anayelala hapo. Niliona nimemaliza maneno.

Mimi nilikuwa nalala nyuma ya soko. Nyumbani kwetu alikuwa analala Musyoki.

Mnaona inakokwenda? Mimi sikuona.

Kilipofika kipindi kile cha joto kabla ya mvua, Ngao Saba na Upepo walikutana kwenye vita vikubwa. Nilitolewa nje, dau likawekwa, nikaitwa ndani. Mutua akamwaga vifuniko vyake, vyote vikaanguka kifudifudi. Ndipo akaruka akasema, "Ngojeni! Askari wangu walivuka Mto Thwake wakiwa na nyasi vichwani, adui akadhani ni kichaka. Niongezewe kifuniko, nimwage upya!" Hila ilikuwa nzuri. Lakini kanuni ilisema hila ielezwe kabla ya mkebe kutikiswa. Nikamnyima. Upepo wa Kilungu akashinda, na nilijiona mtu wa haki kabisa, sikumpendelea mtu.

Kisha nikamwona Musyoki amekaa chini kando ya mizani, ameshika kichwa.

Alikuwa ameweka zamu ya Mwaitu kwa Ngao Saba. Aliyebeti naye, akijiwekea mwenyewe, alikuwa Kyalo.

Nikamwendea nikamuuliza kwa nini. Aliniambia alikuwa na hakika atashinda, apate siku nyingi za jembe, mtaro upate siku mbili za kuchimbwa badala ya moja. Nia yake ilikuwa ni Mwaitu huyo huyo! Nikamgeukia Kyalo nikamwambia mwachie mama huyu zamu yake, korongo liko jikoni kwake. Akanyoosha kidole kwenye mlango.

"Nani aliandika? Si wewe, Bwana Refa?"

"Kyalo, tafadhali."

"Mimi si Kyalo humu ndani. Na wewe ndiye uliandika."

Tukaanza kubishana, kila mtu kwa sauti yake. Wengine walisema vita virudiwe. Wengine walisema nyasi zihesabiwe. Mimi nilishika chaki nikaanza kutafuta nafasi kwenye mlango ya kuandika kanuni ya kuifuta kanuni ya tisa, na mtu mmoja akauliza kama kanuni inayofuta inaweza kufuta ya jana au ya kesho tu. Na kupitia mlango huo huo niliona wingu jeusi limekaa juu ya Mbooni. Moyo ulinichemka! Mvua inakuja, nami natafuta nafasi ya chaki!

Ndipo Mwaitu akaingia. Alikuwa amebeba mahindi mgongoni, mkanda ukiwa kwenye paji la uso, akaja kusaga kama mtu mwingine yeyote. Aliona wanaume wanapiga kelele, mwanawe mmoja ameshika kichwa na mwingine ameshika chaki.

"Ni nani amekufa?" akauliza.

"Watu elfu nne, Mwaitu," Mutua akajibu kabla hajafikiri.

"Elfu nne! Wa wapi?"

"Wa Nzaui. Lakini si watu hasa, Mwaitu. Ni vifuniko."

Mwaitu akavitazama vifuniko pale sakafuni. Kyalo, ili mambo yaeleweke, akamweleza yote kwa heshima, mpaka mwisho, kwamba Alhamisi kina mama watakuja kuchimba kwake. Mwaitu alimsikiliza vizuri.

"Na wewe, Kyalo mwanangu, umebaki na askari wangapi?"

Kyalo akatazama chini, akahesabu. "Elfu mbili na mia nne."

"Basi wewe una watu wengi kuliko mimi. Wapeleke hao wakuchimbie, uniachie wale kina mama wangu." Akashusha mzigo. "Tena hiyo zamu si yangu mimi, ni ya kina mama. Kawaulizeni. Mutua, mfalme, utanisagia au niende kwingine?"

 Mutua aliwasha mashine bila kutazama mtu.

Basi tukaenda kumuuliza Mama Nduku, mwenyekiti wa mwethya, aliyekuwa sokoni akiuza vyondo, vikapu vyetu vya kusuka. Tulikwenda wote, tumefuatana kama watu wa arusi. Kyalo akasema maneno yake, na Mama Nduku akawa anasuka tu, hainui macho.

"Sawa," akasema. "Zamu ni yako."

Nikageuka niondoke.

"Karibu kwenye mwethya, Kyalo. Alhamisi tuko kwako. Mwenye shamba hupika muthokoi wa kutosha watu wote, na huchimba akiwa wa kwanza kwenye mstari. Alhamisi nyingine tuko kwa Mbithe, wewe pia. Halafu kwa Kalekye, wewe pia. Hivyo hivyo mpaka mzunguko uishe. Na utafute leso ya njano ya kufunga kiunoni, ndiyo sare yetu."

Wauza nyanya walicheka mpaka wakashika meza.

"Mama, mimi nina bucha!" Kyalo akalalamika.

"Na sisi tuna nyumba."

Kyalo akanigeukia, jasho limemtoka. "Refa! Kuna kanuni juu ya hilo?"

Ndugu zangu, hapa naomba mnisikilize. Nilikuwa nayo! Ilikuja kichwani imekamilika, kwamba mshindi huchukua zamu bila kuchukua wajibu wa zamu. Ilikuwa kanuni safi, ingeingia pale karibu na bawaba. Nilikuwa nimefungua mdomo. Na nikachoka. Nilichoka na mlango ule, na sauti yangu, na busara yangu yote ya kidato cha nne. Moyoni nikasema, Bwana, nitoe hapa, mimi siwezi kujitoa, kila nikijaribu kutoka naandika kanuni nyingine. Hayo ndiyo maombi yangu ya kwanza ya kweli, na hayakuwa na adabu hata kidogo.

"Hakuna," nikasema. "Hakuna kanuni."

"Basi nimemwachia mama," Kyalo akasema haraka.

"Hukuwa nayo, utaiachaje?" Mama Nduku akamjibu, akakata uzi kwa meno. "Alhamisi ni kwa Syombua. Na nyinyi wafalme wote mje. Na wewe, Kimeu."

Hapo nikaanza kujieleza. Nikasema mimi si wa kundi, sijachimba kwa mtu, sijui kama inafaa kina mama wanihesabu, maana hata nyumbani kwenyewe silali.

Akaniinulia macho kwa mara ya kwanza.

"Kwani nimekuuliza unalala wapi?"

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi, Mombasa mpaka Kitui. Hakuna lililonipiga kama hilo. Maana mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeandika kwamba mtu ni wa nyumba ile anayolala, na kwa chaki yangu mwenyewe nilikuwa nimejitoa kwetu.

Alhamisi nilipanda mlima asubuhi. Kyalo alikuwepo. Mutua alikuwepo. Musyoki alikuwa ameshafika kabla ya wote, anapima mstari kwa kamba. Kina mama walitupanga, mwanamume mmoja kati ya wanawake wawili, ili tusilale. Kabla ya jembe la kwanza Mama Nduku aliomba. Hakuomba kwa muda mrefu, jua lilikuwa linapanda. Alisema, "Bwana, hawa ni wetu, na wajinga wao ni wetu. Tupe mikono. Amina."

Nilikuwa nimeshika jembe, nikashindwa kuliinua. Machozi yalinitoka mpaka mama aliyekuwa kulia kwangu akaniambia nikilia nilie huku nikichimba, udongo utalainika. Nikachimba. Nikalia. Siku ile nilimpokea Bwana nikiwa na udongo mpaka magotini, na hakuna aliyeniuliza nilistahili kwa kanuni gani. Sikustahili kwa yoyote! Nilihesabiwa kwa sababu mtu alisema, huyu ni wetu.

Tulikula muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, tumekaa ukingoni mwa mtaro mpya. Kyalo alikula mara tatu na kulalamika juu ya mgongo wake, na kina mama wakamwita Jemadari mpaka akaomba aitwe Kyalo.

Mvua ilikuja. Nililala nyumbani siku hizo, na asubuhi tulitoka na Mwaitu kutazama. Maji yalishuka mlimani yakiwa na hasira, yakafika kwenye mtaro, yakasimama, yakageuka yakaenda zake pembeni. Mwaitu akapiga makofi mara moja tu, kama mtu anayefukuza kuku, akaingia jikoni kuwasha moto. Jiko lile lingalipo.

Mchezo uliisha wenyewe. Mlango wa mashine haukufutwa, unga uliufunika tu taratibu. Nisiwadanganye kwamba sikumbuki. Nikipita Mto Thwake bado nawaona askari wa Mutua na nyasi vichwani, na moyo unacheza. Tena miguu haijatulia, nimeshakwenda na kurudi mara nyingi tangu hapo. Lakini sasa narudi kwetu, si Tawa nyuma ya soko.

Wewe unayesoma, labda huna vifuniko vya soda. Una mlango wako. Umeandika wewe mwenyewe nani anaingia na nani hafai, na jina lako halimo. Ndugu yangu, acha kutafuta nafasi ya kuandika kanuni nyingine. Mwambie Bwana umechoka. Mwambie hata kwa hasira, yeye hatishiki.

Na zamu ya Mwaitu imekaribia tena. Amezeeka, hachimbi, ila kupika anapika, na hakubali kusaidiwa. Mbooni unaijua. Njoo Alhamisi na jembe lako. Na kama huna jembe, njoo hivyo hivyo.